Kamba wa Mfukoni Siku ya Posa

Wallahi, aibu hii nikiikumbuka masikio hunipata moto hata leo, lakini nyinyi wenzangu, basi chekeni tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi fundi cherehani wa mtaa wa Malindi mjini, na ami yangu Haji ananipeleka Mkokotoni kumposa Mwanaidi. (Kwa kawaida mposaji hukaa kwake akatuma wazee, lakini baba wa binti, Mzee Khatibu, alitaka kumtazama kwa macho yake huyo mwanamume wa mjini.) Tukafika mapema, maji yamekupwa, na pwani nzima imejaa vitundu vya wale kamba wadogo wanaojichimbia mchangani, chambo ambacho samaki changu hawakikatai! Mimi na mshipi wa kuvulia ndugu, nikasema posa ikimalizika nitavua kidogo, basi nikachimba, nikawafunga kwenye leso pamoja na mchanga wao wa majimaji, nikawatia mfukoni mwa kanzu.

"Weye, twenda kwa watu!" ami akanionya.

"Hawaonekani, ami."

Kwa Mzee Khatibu tukakaa mkekani, kahawa ikaja, halwa ikaja, ami anamwaga maneno matamu, mara nahisi baridi pajani, kutazama, kanzu yangu nyeupe imerowa mbele na maji yanatambaa mkekani! Mzee Khatibu akanitazama, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, choo kipo uani."

Mkewe akapiga ukelele, "Mkeka wangu wa kusalia!"

Jamani, nani atamwoza binti yake kwa kikojozi? "Si mkojo, Bi, ni kamba!" nikaropoka, nikaichomoa leso, ikafunguka, na kamba hawa wakikosa mchanga hujichimbia popote, mmoja akazama kwenye halwa akabaki mkia, mwengine akaingia kwenye mkono wa kanzu ya Mzee Khatibu, mzee akaruka akijipiga makofi mwili mzima, na nyuma ya pazia nikamsikia mtu anacheka mpaka anakohoa.

"Jibu tutaleta," mzee akasema, anahema. Nami nikajua nimeshamkosa Mwanaidi.

Jibu lilipokuja, kumbe baba hataki, mama hataki, lakini binti aliyecheka nyuma ya pazia kasema hataki mwengine, ila ana sharti lake. Ndiyo maana, wenzangu, kanzu yangu ya harusi niliishona mwenyewe bila mfuko, na mpaka leo mke wangu hunipapasa kila tukienda kwao.