Zubeda Alivyorudi

Hosiana, fundi cherehani wa Masuguru mjini Korogwe, alikisubiri kitabu kile kwa miaka mingi. Kilikuwa cha tatu na cha mwisho katika riwaya ya Zubeda, msichana aliyependwa na Sarhani, jini wa mtoni. Cha pili kilikoma pabaya: Zubeda amezama, Sarhani ameikumbatia maiti yake.

Hakukisubiri peke yake. Mdogo wake, Grasiana, ndiye aliyemwambukiza uraibu huo wa riwaya. Grasiana alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Maumivu ya mifupa yalipomlaza kitandani nyumbani kwao Handeni, Hosiana alikwenda kumuuguza na kumsomea. Mama yao, mwanakwaya tangu usichana, aliwakemea.

"Mnaita mapepo kwenye nyumba ya maombi!"

Basi wakawa wanasoma kwa kunong'ona, kisha wanabishana. Grasiana alishikilia kwamba Sarhani atamfufua mpenzi wake.

"Aliyekufa amekufa," Hosiana alimjibu. "Jini si Mungu. Mwandishi akimrudisha ataharibu kila kitu."

"Wewe dada hujawahi kupenda."

Grasiana alifariki masika ya mwaka juzi, wodini, akisubiri damu ya kuongezewa. Kitabu kimetoka mwaka huu. Simeo, muuza vitabu wa karibu na stendi, alipompigia simu, Hosiana aliacha gauni la mteja likiwa nusu na kukifuata mbio.

Mwanzoni alifurahi mno. Sarhani alikuwa yuleyule, mpole, mwenye wivu, nguo zake hazikauki. Mahali fulani Hosiana alicheka kwa sauti, akageuka amwonyeshe mtu. Kisha akafika sura ya mwisho. Sarhani alipuliza pumzi kinywani mwa maiti. Zubeda akafumbua macho, akauliza kama chai ipo. Basi. Hakuna aliyepoteza chochote.

Hosiana alikibwaga kitabu sakafuni. Miaka yote ile, kwa hili? Tena Grasiana ndiye aliyekuwa amesema kweli, na hakuwapo ili amcheke dada yake.

Jumamosi alikwenda Handeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Mama alikiona kitabu kikichungulia kwenye mkoba. "Ndicho kile?"

"Ndicho."

"Yule binti alirudi?"

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Ukuta wenyewe huu haufiki darini. Ningeacha kusikia vipi? Alirudi?"

"Alirudi, mama. Lakini uongo mtupu. Mwandishi ametulaghai."

"Nisomee hapo aliporudi."

Hosiana alisoma. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, macho chini.

"Rudia."

Akarudia. Mama akaomba tena, na safari hii sauti ya Hosiana ilikwama kwenye neno chai.

"Soma, mwanangu."

Akasoma mpaka mwisho.

"Pale wodini," mama alisema taratibu, "nilimpulizia na mimi. Muuguzi alipokwisha kumfunika, nilifunua shuka nikampulizia. Sijamwambia mtu."

Mama aliinuka, akaenda jikoni, na punde kilio chake kikasikika juu ya ukuta. Hosiana hakumfuata. Aliufungua tena ukurasa uleule alioudharau, akausoma kimyakimya, akimchukia mwandishi, akimwonea wivu Zubeda aliyerudi, mpaka mama aliponyamaza.