Gari la Spoti la Meneja na Kale Kadogo

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya shamba la chai, Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifika na cheti changu cha Kidato cha Nne ndani ya karatasi ya plastiki. Mkuu wa gereji hakukitazama. Alinipa kipande cha mpira wa maji.

"Tia sikioni, msomi."

Nilidhani ananichezea. Kumbe ndivyo gari la spoti la Meneja lilivyotunzwa. Lilikuwa la zamani, la viti viwili, halina paa la maana, na injini yake ilikuwa na kabureta mbili, yaani vile vyombo vya kuchanganya petroli na hewa. Lazima zote zivute hewa sawasawa. Ncha moja ya mpira unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, unasikiliza mvumo, unahamia ya pili, unakaza skrubu kidogo kidogo mpaka zivume sauti moja. Baridi ikizidi, zinaachana tena. Mvua ya alasiri ikinyesha, na huku kwetu haina likizo, plagi zinalowa. Tumbo lake lilikwaruza kila jiwe la njia ya Mogogosiek. Nililipenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mama watoto.

Meneja alikuwa pia na kagari kadogo, kasikokunywa petroli nyingi. Hako kalitaka kuangaliwa oili na maji tu. Kalipita matope, kalibeba mbolea, kaliwaka asubuhi bila kubembelezwa. Unafungua boneti, unatazama, unafunga. Hakakuwa na la kuniambia, nami sikuwa na la kukaambia.

Kisha Meneja akahamishwa. Akaniita uani.

"Fundi, la spoti limepata mnunuzi Nairobi, mwenye gereji ya magari ya zamani. Anakutaka na wewe. Kazi ipo, nyumba ipo."

"Bwana Meneja, ng'ombe wangu yuko karibu kuzaa."

"Ng'ombe?"

"Na mama watoto hawezi kuishi mbali na watu wake."

Alinitazama kama anayetazama gurudumu lililopasuka. "Haya. Utabaki na kadogo. Nakaacha hapa shambani."

Mimi ni mtu ambaye nikilala Silibwet kwa shemeji naota kitanda changu. Nikabaki. Kagari hako kakanizeesha polepole, bila kuniuliza swali hata moja. Masikio yangu yakakosa kazi.

Juzi, sasa nikiwa mstaafu wa kuota jua, nilimwambia mama watoto kwa majivuno jinsi nilivyoikataa Nairobi kwa ajili yake. Akaacha kuchambua mboga.

"Nairobi gani?"

Nikamweleza yote.

"Ningeenda, Baba Chebet. Haya matope yalinichosha kitambo. Ningefunga nguo siku hiyo hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na hukuniuliza?"

Akarudia mboga zake. Akasema, bila kuinua macho, "Hiyo nyumba ilikuwa na vyumba vingapi?"

Hilo nalo sikuwa nimeuliza.