Ujumbe Uliomwita Dada

Mtaani walimwita Mama Madoa, naye hakulichukia jina hilo. Yeye mwenyewe hakuwa na doa. Alikuwa fundi wa kuyatoa. Mafuta yakikumwagikia kwenye gauni, alikukataza kukimbilia maji. Kwanza nyunyiza poda, iache inyonye, kisha paka sabuni ya vyombo na usugue taratibu. Damu aliitakia maji baridi tu. "Damu ni kama mtu mwenye hasira," alikuwa akisema. "Ukimwendea na moto, ndiyo kwanza anang'ang'ania."

Kazi yake ilikuwa kuosha nywele saluni. Sinki lake lilikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Wanawake walilaza shingo, wakafumba macho, na kabla povu halijakolea walikuwa wameshamweleza kila linalowasumbua: birika limeota magamba ya chumvi, viganja vimekauka kwa sabuni ya kufulia, mtoto amefungua kitu kwenye simu na sasa simu inajiongelesha. Alikuwa na neno kwa kila mmoja. Siki kidogo na maji kwenye birika, chemsha, mwaga. Gliserini viganjani ukitoka kuoga, mikono ikiwa bado na unyevu. Na siki hiyo usije ukaichanganya na dawa ya kung'arishia nguo, maana moshi wake utakukaba koo.

Mdogo wake ndiye aliyemwingiza kwenye mambo ya mtandao. Siku moja alikuja kuoshwa nywele, akasikiliza weee, kisha akainuka kichwa kikichuruzika maji.

"Dada, haya maneno yote unayamwaga bure kwenye sinki."

Akafungua ukurasa kwa jina la Mama Madoa. Dada alisema, mdogo mtu akashika simu na kurekodi. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuweza kujizuia kucheka. Ukizisikiliza zile video, nyuma ya sauti ya Mama Madoa kila mara kulikuwa na mtu anayekwamishwa na kicheko. Watu walizipenda kwa ajili hiyo pia.

Wateja walipoanza kulalamika kwamba wanaporwa akaunti zao, wakatengeneza video ya jambo hilo. Mama Madoa aliketi kwenye kiti cha saluni, akaweka mikono magotini.

"Namba ya siri inayoingia kwenye simu yako ni kama mswaki," alisema. "Hapewi mtu. Hata mume humpi."

"Na kama mume hana mswaki?" sauti ikauliza nyuma ya simu.

"Basi huyo ana matatizo makubwa kuliko mtandao."

Video hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

Kisha mdogo mtu akaugua. Ilikuwa homa iliyoanza kama mzaha. Akalazwa, na kabla nguo alizokuwa ameloweka hazijaanza kunuka, alikuwa ameshazikwa. Mama Madoa ndiye aliyezifua. Alizisuuza, akazikamua, akazianika moja moja, blauzi kwa mabega na sketi kwa kiuno, kama alivyowafundisha wengine. Wanawake waliomsaidia walimtazama kwa pembe ya jicho wakingoja aanguke. Hakuanguka. Shemeji yake mmoja akanong'ona, "Mwacheni, atalia tu." Yeye mwenyewe alingoja kilio hicho kama mtu anayengoja chafya iliyofika puani ikasita, hata akachoka kukingoja.

Akarudi kazini. Msusi, mwenye saluni, alimwambia apumzike, akajibu kwamba nyumbani hakuna nywele za kuosha. Aliendelea hata na video. Aliegemeza simu kwenye kopo la shampuu, akasema la kusema, akazima. Nyuma yake kulisikika mlio wa drai ya kukaushia nywele tu.

Asubuhi moja alikuwa anakunja taulo wakati simu ilipolia. Picha iliyotokea ilikuwa ya mdogo wake, amevaa miwani ya jua ya kuazima, meno yote nje.

"Dada," ujumbe ulisema. "Umeamkaje? Kuna namba nimeituma kwako kwa makosa. Nirudishie tafadhali."

Na kweli, namba ilikuwa imeingia, na chini yake onyo kwamba asimpe mtu yeyote.

Alijua, na hilo liwe wazi, maana baadaye watu walisema alichanganyikiwa. Kaburi alilipanda maua kwa mikono yake. Alijua aliyeandika ni mwizi aliyevunja akaunti ya marehemu, na alijua namba ile ni ya nini. Aliusoma ujumbe ule tena, hasa neno la kwanza. Kisha akaiandika namba, tarakimu baada ya tarakimu, akaituma. Hakukuwa na jibu. Akaweka simu kifudifudi, akaendelea na taulo.

Kufikia jioni hakuweza tena kuingia kwenye ukurasa wake. Msusi alipomuuliza mbona kimya, alisema simu ina matatizo. Moyoni hakuona hofu wala aibu. Ilikuwa kana kwamba jambo lile limempata jirani wa mtaa wa pili.

Mwizi hakulala. Kwenye ukurasa ule ule, chini ya picha ya Mama Madoa, pakatokea tangazo la krimu ya kung'arisha uso. "Mimi mwenyewe naitumia," maneno yalisema. Wanawake waliomwamini wakaagiza.

Wa kwanza kuja saluni alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, dada mpole ambaye kwa kawaida huingia akiwa na pini mdomoni. Siku hiyo alijifunika mtandio hadi machoni. Alipoufungua, Msusi aliangusha chanuo. Mashavu yalikuwa mekundu, yamevimba, na kwenye taya ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Ulisema unaitumia," fundi alimwambia Mama Madoa. "Nilipaka jana nikaona inawasha, nikasema labda ndiyo inafanya kazi. Leo nikapaka tena. Maana ni wewe uliyesema."

"Si mimi," Mama Madoa alijibu. "Njoo sinkini."

Akamlaza, akafungulia maji ya baridi yapite usoni polepole, muda mrefu, bila kusugua. Mtu mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine akataja mafuta. Akawakataza wote wawili. Msusi alikuwa akizunguka nyuma yake mikono kiunoni.

"Ukurasa wameuchukuaje? Wewe? Wewe uliyetuimbia mambo ya mswaki mpaka watoto wakakariri?"

"Niliwapa namba."

"Uliwapa!"

"Niliwapa."

"Ama kweli mganga hajigangi," Msusi alisema, akaenda kuokota chanuo lake.

Mama Madoa alimpeleka fundi zahanati. Walikaa kwenye benchi bega kwa bega, fundi akilia kimyakimya kwa uchungu na kwa hasira. Mama Madoa alimtazama kwa makini. Alijua kwamba mtu mwingine mahali pake angelia pia, au angeomba radhi kwa kupiga magoti. Yeye alimshikia mkoba.

"Niwie radhi," alisema, na sauti yake ikamtoka kama ya mtu anayesoma kibao ukutani.

Jioni hiyo alikuja Kidoti, binti wa marehemu, aliyeitwa hivyo kwa alama iliyokuwa juu ya mdomo wake. Alikuwa amemaliza shule na alikuwa akiishi kwa ndugu wa baba yake. Habari zilimfikia kwa fundi. Aliketi jikoni, akachukua simu ya mama yake mkubwa, akahangaika nayo, kisha akaiweka mezani.

"Mama mkubwa, kwa nini ulimtumia?"

"Aliniita dada."

Kidoti akakwangua ukingo wa meza kwa ukucha.

"Na mimi aliniandikia," alisema hatimaye. "Asubuhi ile ile. Aliniita kwa jina langu lote, lile la cheti. Mama hajawahi kuniita hivyo hata alipokuwa na hasira. Ndiyo nikajua." "Angeniita Kidoti, na mimi ningempa."

Mama Madoa akamsogezea kikombe cha chai. Ndicho pekee alichoweza kufanya.

Kesho yake wakaanza kazi. Kidoti aliwaandikia wote aliowajua: ukurasa umeibwa, msinunue chochote, uripotini. Mama Madoa alikwenda kwa miguu kwa wale wasiosoma ujumbe, nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni na kusema yale yale: si mimi, nilitoa namba, krimu ile ni sumu, na krimu yoyote mpya ijaribuni kwanza ndani ya mkono mkangoje hadi kesho yake. Wengine walimpa kiti. Mmoja alimfungia mlango. Yote mawili aliyapokea sawasawa.

Baada ya siku kadhaa za kuripotiwa, ukurasa ulifutwa, wote, na kila kilichokuwemo. Msusi alikuwa wa kwanza kuelewa maana yake. Alimjia sinkini, akauliza kwa sauti ya chini, "Na zile video? Zenye kicheko chake? Hukuzihifadhi hata moja?"

"Hapana."

"Hata mimi sikuhifadhi. Nilidhani zipo tu."

Mteja aliyekuwa amelazwa aliuliza kama wamesahau shampuu. Mama Madoa akamwaga shampuu kiganjani.

Uso wa fundi ulipona, isipokuwa baka moja jeusi kwenye taya. Alirudi kusukwa nywele, akamsalimia Mama Madoa kwa ufupi, na kulala kwenye sinki lake bila kusema neno. Mara ya pili aliuliza namna ya kutoa mafuta ya cherehani kwenye kitambaa cheupe. Akajibiwa.

Kidoti alihamia kwa mama yake mkubwa na godoro lake. Jumapili moja, baada ya kufua, alisema imebaki akaunti ya mama. Kwa laini ya simu ya mama alikuwa ameshamfukuza mwizi humo, lakini ikiachwa wazi atarudi mwingine, na ataandika tena. Wakakaa kwenye ngazi ya mlango. Kidoti akabonyeza hapa na pale mpaka simu ikauliza kama wana uhakika.

Picha ya miwani ya jua ilikuwa bado juu ya kioo.

"Bonyeza wewe," Kidoti alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

Mama Madoa akapangusa kidole kwenye kanga, maana kilikuwa na maji, akabonyeza. Kidoti akaegemeza kichwa begani mwake, akaanza kulia kwa nguvu, mwili mzima. Mama Madoa akamshika. Alihisi uzito wa kile kichwa, joto lake, na unyevu uliokuwa ukipenya kwenye blauzi. Zaidi ya hapo hakuhisi kitu, ila hakumwachia. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa pili wa mabati, na nguo zilikuwa bado kambani. Aliziacha.