Nilipigiwa Makofi, Mjukuu Wangu Akakosa Shule

Kosa ni langu. Msimlaumu mwalimu, msiilaumu serikali. Ni mimi na mdomo wangu huu!

Mimi ni nyanya wa huku Ronge, shule niliachia darasa la tatu. Mjukuu wangu nimemlea tangu aachishwe ziwa, maana mama yake anafanya kazi Voi. Tumuite Wakesho, jina lake nimelificha.

Shule yao ilipewa tableti za kusomea, tena za kurudi nazo nyumbani. Tangu siku hiyo Wakesho hakuinua kichwa. Kuku hawajafungiwa, maji hayajatekwa, yeye amebandika kile kitu puani kama anayenusa ugoro.

"Weka hiyo takataka chini!"

"Nyanya, nasoma."

"Unasoma na pua?"

Anacheka kidogo, anainama tena.

Nikasema, hii kitu inammaliza mtoto macho. Nani aliniambia? Hakuna! Nilijiambia mwenyewe.

Wazazi tukaitwa mkutano, tuulizwe kama tableti ziendelee. Nikasimama. Huku kwetu mama mzee wa kanisa akisimama, watu hunyamaza. Nikamtoa Wakesho kwa wenzake, nikamweka mbele ya wote.

"Mwangalieni haya macho, mekundu kama pilipili! Sisi tulisoma na ubao na chaki, nani hapa alikufa?"

Walicheka, wakapiga makofi. Mtoto akanivuta leso, ananong'ona, "Nyanya, tafadhali. Tafadhali." Nikampiga mkono.

Tableti zikarudishwa, zikapelekwa shule nyingine upande wa Mraru. Nilipanda kilima nikiimba!

Muhula uliofuata Wakesho akawa wa mwisho. Mwalimu akatuma barua. Nikampa mtoto anisomee. Aliisogeza puani, akaigeuza kwa dirisha, akaanza kulia.

"Nyanya, sioni. Ubao sijawahi kuuona hata siku moja."

"Na Biblia unayonisomea kila Jumapili?"

"Ile nimeshika kwa kichwa, nasikia kanisani. Kwa tableti nilikuwa nayavuta maandishi na vidole, yanakuwa makubwa kama punje za mahindi. Hapo ndio nilikuwa naona."

Nilikaa chini, kwa udongo. Nikakumbuka mawe niliyotafuna kwa maharagwe aliyochagua yeye, na vile nilimfokea, "Macho ulipewa ya nini?" Nikakumbuka fimbo nilizomchapa nikimwita mvivu. Mungu wangu!

Nikampeleka Voi kwa daktari wa macho. Akasema amezaliwa hivyo, miwani itamsaidia kidogo tu, dawa yake ni maandishi makubwa.

"Si ni ile tableti ilimharibu?" nikauliza, bado natafuta pa kujificha.

"Hapana, mama. Ile ndiyo ilikuwa mkongojo wake."

Nilienda mpaka kule Mraru kuomba moja tu. Mwalimu mkuu alikuwa mpole, lakini kila moja imeshaandikwa jina la mtoto. Ningemnyang'anya nani? Nikarudi kwa mwalimu wetu, akaniuliza taratibu, "Nyanya, si ni wewe ulizikataa?" Ameomba nyingine, mpaka leo hakuna jibu.

Sasa Wakesho amekataa shule, na mtihani uko karibu. Anashinda jikoni. Nikimwita anaitika "abee", basi, hakuna neno lingine. Afadhali angenitukana!

Wazee wetu Wadawida walikuwa na kutasa. Mtu akibeba jambo baya moyoni, anatia maji mdomoni, anayapuliza nje, anataja kosa ili litoke. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini juzi asubuhi nilisimama mlangoni nikafanya. Nilitaja yote, hata fimbo. Wakesho alisubiri nimalize.

"Nimekusamehe, nyanya," akasema. "Lakini ubao bado siuoni."

Wazee wenzangu mnaoitwa mikutano ya shule, nisikieni! Mkiwa na neno juu ya hivi vitu vya siku hizi, kwanza rudini nyumbani mkamuulize mtoto anavitumia vipi. Makofi ni matamu, lakini yakiisha watu wanaenda zao. Mimi nimebaki na mtoto wa miaka kumi na tatu anayechagua maharagwe kwa kupapasa, na kila jiwe ninalotafuna nalimeza kimya.