Basi wa Msimu wa Baridi

Majuzi nilimpeleka bosi Jeddah, na kabla hatujarudi Riyadh akaniambia nisimame kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mwanawe ameanza kupenda kuvua. Mwenye duka akatandaza mezani ndoana zenye vichwa vya madini ya risasi, zimevalishwa nyuzi nyeusi kama sketi. Nikachukua moja. Mkono wangu ukaanza kuipandisha na kuishusha wenyewe.

"Kumbe kwenu mnavua," bosi akasema. "Mimi nilidhani mnakimbizana na simba tu."

Sikucheka wala sikuudhika. Siku hizi mambo hunipita hivyo. Asubuhi ile dada yangu alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nyanya haamki tena kitandani. Kila jioni anauliza kama utakuja. Sema ndio ama sema la, mimi nimechoka kumdanganya." Niliusikiliza, nikaosha gari. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inakaribia kuisha. Bosi ameshauliza kama ailipie tena, na jamaa mmoja wa mtaa wa Karantina, Jeddah, ananiitia kazi kwa kafili mwingine, mdhamini mpya. Ndivyo nilivyoishi, Nakuru, Mombasa, Doha, Riyadh, begi halifunguliwi lote.

Ngoja nikwambie juu ya lile bwawa letu.

Lilikuwa kati ya vilima viwili, juu ya kijiji. Walowezi walilijenga kwa ajili ya kahawa yao, na walipoondoka wakaacha ukuta wa mawe, maji yenye kina cha kutisha, na samaki waliyemleta kutoka nchi za nje, bass. Sisi tulimwita basi. Watoto wa ng'ambo ya mto walitutania shuleni: "Nyinyi mnakula basi, lori mtakula lini?"

Nyanya alivua akiwa ameketi juu ya ukuta ule, gamubuti miguuni, mshipi umezungushwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Upande wetu wanawake hawakuvua, na jirani, mzee wa kanisa, hakuchoka kumkumbusha. Siku moja nyanya akampelekea basi wa kukaanga na vitunguu, bado anachuruzika mafuta. Tangu hapo jirani akawa anapita Jumamosi kuuliza maji yameamkaje.

Ndoana zake alizitengeneza mwenyewe. Aliyeyusha risasi ya betri kuukuu ndani ya mkebe, huku akitufukuza tusivute ule moshi, akaimimina kwenye tundu alilochonga katika tofali. Ikipoa, alifunga manyoya ya kuku mweusi kwa uzi wa gunia. Kazi yangu ilikuwa kumkamata kuku.

Masika maji yaligeuka rangi ya chai, na basi walisogea ukingoni, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Huko samaki aligonga kama mtu anayekunyang'anya mkate. Hata mtoto angempata. Jua la Januari liliwapeleka kwenye kivuli cha miti iliyozama, na miti hiyo ilikula risasi zetu nyingi kuliko samaki tuliowala sisi. Lakini mimi nakumbuka zaidi baridi ya mwezi wa saba. Ukungu ulilala juu ya maji, kinu cha kusaga kikasikika kwa mbali bila kuonekana, na basi wote walikuwa chini kabisa. Unaiacha risasi ishuke, ishuke, mpaka unasikia imegusa tope. Unainua kidogo, unaiacha. Unainua, unaiacha. Vidole vinakufa ganzi.

Basi wa baridi hagongi. Anaibeba risasi mdomoni polepole na kupanda nayo. Hakuna kuvutwa, unachosikia ni uzito kupotea, kana kwamba mshipi umekatika.

"Nyanya, hakuna kitu," nilikuwa nikimwambia.

"Ukisikia hakuna kitu, vuta. Hapo ndipo yupo."

"Na asipokuwepo?"

"Utakuwa umeinua mkono tu. Una kazi gani nyingine ya kuupa?"

Nilivuta. Mara nyingi palikuwa hakuna kitu kweli. Mara chache mshipi ulikuwa mzito ghafla, ukaanza kutembea wenyewe.

Njiani kurudi Riyadh tulisimama kwenye kituo cha mafuta, bosi akaingia kuswali. Nikausikiliza tena ujumbe wa dada. Nilingoja machozi, au hata hasira. Kiyoyozi kilikuwa kinanipiga vidoleni. Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa.

Bosi akarudi. "Yalla, twende."

Sikuwasha gari. "Baba," nikamwita, kama tunavyowaita mabosi huku, "nataka kwenda nyumbani."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu."

Alinitazama kwenye kioo. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Bado."

"Halas," akasema. "Jumapili tushughulikie karatasi zako."

Halas. Kwetu tungesema basi.

Dada amemwambia nyanya kwamba ninakuja. Anasema alicheka kidogo, akauliza kama maji yamepoa. Hawajamwambia kwamba bwawa limejaa tope, na pale palipokuwa na kina kuliko pote watu wamepanda mahindi. Jirani alishazikwa. Tofali la kumiminia risasi hakuna anayejua liko wapi.

Ile ndoana nyeusi ya Jeddah niliinunua. Iko mfukoni mwangu hapa Riyadh, nikingoja karatasi, na bado sisikii kitu. Maji ya kuishusha hayapo tena. Nataka tu nyanya aiweke kiganjani, aniambie kama uzito wake unatosha.