Bei Haitajwi Mlangoni

Fundi umeme huyu hataji bei akiwa mlangoni hata umbembeleze vipi. Kwanza alizipapasa kuta za nyumba nzima kwa vidole, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Kitanda kitakaa wapi, mama? Nguo utapigia pasi chumba gani?" Mama mwenye nyumba alijibu kwa mashaka, maana fundi aliyemtangulia alikadiria kwa macho tu, kisha kila asubuhi akaja na wimbo ule ule: waya umeisha, ongeza hela. Huyu alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, akanong'ona akihesabu kwa vidole vyake, ndipo akataja bei moja, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Kazi ilipokwisha na taa zote kuwaka, alikohoa. "Mama, kuhusu ule waya..." Mama akaketi kabisa. Ndiyo yale yale! Fundi akafungua kiganja. "Umebaki huu. Fanya kamba ya kuanikia." Mama akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwenye kamba hiyo hata soksi pea moja isingeenea.