Jina Langu Kanisani

Juzi mgeni wa hoteli ninayosafisha hapa Deira, Dubai, alinionyesha picha ya ziwa lililozungukwa na msitu. Nikakumbuka alasiri niliyotembea na mama hadi kanisa la zamani la kijijini kwetu, Rungwe.

Njia ilinukia majani mabichi, na mbega walinguruma msituni. Kila kona mama alisimama akihema.

"Tuangalie ziwa kidogo, Tusekile," alisema, nami nikafurahi kupata nafasi ya kucheza.

Kanisani alipiga magoti, akanong'ona jina langu.

"Abee, mama!" nikaitika, nikidhani ananiita.

Alicheka, akafuta machozi, akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Sikujua kwamba alikuwa mgonjwa. Mwaka uleule tulimzika. Siku hizi natamani ningenyamaza, nisikie alichokuwa akiniombea.